Ziara ya vita Darwin: mtu ana jina, bwana

Hili jambo nimekaa nalo miezi sasa, leo naliandika, maana kila nikisikia mtu anasema anaenda Darwin, kule kaskazini mwa Australia, kumtembelea ndugu yake naona nikinyamaza nitakuwa nimemkosea. Kaka yangu anaishi kule, ndiye aliyenikatia tiketi ya ile ziara ya basi ya sehemu zilizopigwa vita vya pili, alijua nitaipenda kwa sababu ya babu. Babu yetu alikuwa keya, yaani askari wa jeshi la Waingereza la King's African Rifles, alipigana na Wajapani huko Bama (Burma, siku hizi Myanmar), na sisi tumekua tukisikia habari hizo kila jioni baada ya kula. Kwa hiyo mimi pale sikwenda kupiga picha.

Sasa tumefika lilipo jengo la bunge, ambapo zamani ndipo ilipokuwa posta. Yule mwongoza watalii anasimulia, na anasimulia vizuri kweli, sitamnyima haki yake. Tarehe 19 Februari 1942, ndege 188 za Wajapani, zimetoka kwenye zile zile meli zilizopeleka ndege kushambulia Pearl Harbor, bandari ya Wamarekani kule Hawaii. Padri wa misheni kisiwa cha Bathurst aliziona zikipita akatuma habari kwa redio, na mjini wakadhani ni ndege za Wamarekani zinarudi, ving'ora vikalia mabomu yameshaanza kudondoka! Mkuu wa posta Hurtle Bald, mkewe na binti yao Iris walikimbilia handaki walilochimbiwa pale pale posta, bomu likaangukia humo humo. Nililia, sioni haya kusema.

Halafu akaja kwenye ndege moja ya Wajapani iliyoanguka kisiwani Melville, akasema rubani "alikamatwa na wenyeji", basi, akageuka kuelekea kwenye basi. Nikanyoosha mkono nikamuuliza kwa adabu kabisa, samahani, huyo mwenyeji si anaitwa Matthias Ulungura? Kaka alikuwa ameshanisimulia habari zake. Jamaa bila hata kuniangalia akajibu, jina halina umuhimu kwa sasa, tumebakiza dakika tano. Mbele ya basi zima.

Jina halina umuhimu! Huyu ni Mtiwi, mtu wa visiwa vile, ndiye aliyemkamata mfungwa wa kwanza wa Kijapani kwenye ardhi ya Australia, akamnyang'anya na bastola yake. Mjapani mwenyewe, Hajime Toyoshima, baadaye alikuwa mmoja wa waliopanga wafungwa zaidi ya elfu moja wajaribu kutoroka kambi ya wafungwa wa vita ya Cowra, huko huko Australia, mwezi Agosti 1944, na alifia humo. Yaani huyo Mjapani tulitajiwa jina lake na cheo chake, ila yule aliyemkamata, nchini kwake mwenyewe, ni "wenyeji". Babu yangu mpaka anafariki alikuwa anataja wenzake waliobaki Bama mmoja mmoja, huyu wa Songea, huyu wa Kondoa, na ukimkatisha anaanza upya. Ndio maana lile jibu lilinichoma hivyo, na wala simsingizii mtu.

Na hizo dakika tano za kuokoa zilikwenda wapi? Dukani. Tumekaa karibu saa nzima kwenye duka la kofia na vikombe, tena Adelaide River kwenye makaburi ya waliokufa vitani, ambako mimi ndiko nilikokuwa nakutaka kuliko kote, tukaambiwa muda umekwisha. Nilinyamaza mpaka tunashushwa.

Mahandaki ya kuhifadhia mafuta lakini, aisee nendeni. Matangi ya juu yalikuwa yamepigwa mabomu wakaona wachimbe chini ya mji, watu wametoboa mwamba kwenye joto lile la Darwin halafu vita vikaisha mahandaki hayajatumika. Ukiingia unasikia maji yanadondoka na baridi inakushika miguuni. Hapo nilitulia kidogo, nikawa nasema moyoni labda yule jamaa alikuwa na siku mbaya, labda ana bosi anayemhesabia dakika, nikataka hata kumwombea msamaha kwa kaka ambaye alikuwa ameshakasirika kunizidi.

Kesho yake kaka akanipeleka mwenyewe Adelaide River, kilomita kama 115 hivi kusini. Hakuna kelele kule, nyasi zimekatwa vizuri, na akina Bald wote watatu wako upande wa raia. Siku ile walikufa zaidi ya watu 230 na serikali magazetini ikatoa idadi ndogo sana ili watu kule kusini mwa Australia wasishikwe na hofu, kwa hiyo ndugu wa watu wakawa wanaambiwa mambo madogo wakati bandari nzima imeungua. Tukapita mstari kwa mstari, kaka anasoma majina kwa sauti na mimi namfuatia, ikatuchukua asubuhi nzima na hakuna aliyetuambia dakika zimekwisha.

Nilikuwa nimeweka nyota tatu kwa ajili ya ile simulizi ya posta, maana ilikuwa nzuri kweli. Nimefuta. Naweka moja, na nikipata habari kwamba siku hizi wanamtaja Matthias Ulungura kwenye lile basi nitarudi kubadilisha.