Mama wa Uros aliyekatizwa: safari yangu ya Ziwa Titicaca

Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike, lakini hazijapoa. Mwaka jana, katika miezi ya kiangazi cha Peru, niliondoka bandari ya Puno alfajiri kwa boti ya kampuni moja ya utalii, kwenda visiwa vya Uros na baadaye Taquile. Kichwa kilikuwa kikiniuma tangu usiku, kwa kuwa ziwa lile liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari nami nimekulia Ukerewe, ila hayo niliyategemea na si malalamiko yangu.

Malalamiko yangu ni kiatu cha mwongozaji wetu.

Visiwa vya Uros havina udongo wala mwamba. Wenyeji huviunda wenyewe kwa totora, mmea wa jamii moja na mafunjo yetu. Tangu utotoni nimeona mafunjo yakielea Ziwa Victoria, yakisukumwa na upepo hadi yakaziba mialo, na sikuwahi kufikiri kwamba watu wanaweza kuyafunga pamoja, wakajenga nyumba juu yake na kulea watoto. Kwa hiyo mama aliyetupokea, mwanamke wa makamo mwenye misuko miwili mirefu, alipopiga magoti na kuanza kututengenezea kisiwa kidogo cha mfano, nilisogea karibu kuliko wote. Alipanga vipande vya matabaka ya mizizi, ambavyo wao huviita khili, akachomeka kijiti katika kila kipande, akaviunganisha kwa uzi, kisha akalaza matete makavu juu yake, safu ya pili ikikingama juu ya ya kwanza.

Kihispania nakielewa vizuri, na hapo ndipo uchungu ulipoanzia. Mama yule alieleza kwa utulivu jinsi wanavyoikata mizizi kwa msumeno wakati wa masika, maji yanapojaa na mizizi kuinuka. Jinsi matete ya chini yanavyooza, hata inawalazimu kuongeza mapya juu kila baada ya muda mfupi. Na jinsi kisiwa kinavyofungwa kwa kamba na nguzo ili upepo wa usiku usikichukue. Mwongozaji akawatafsiria wenzangu: "Anawakaribisha, anasema kisiwa ni cha matete." Basi! Maneno ya dakika nyingi, maarifa ya vizazi, yakawa sentensi moja.

Mama akaendelea, akaingia kwenye habari ya mjomba wake, aliyegombana na jirani mpaka wakakubaliana kukikata kisiwa kwa msumeno, kila mmoja aende na upande wake. Kabla hajafika mwisho, mwongozaji akamkatiza: "Yatosha, mama, wageni wana ratiba." Kisha, ili kutufungulia njia ya kwenda kwenye vitambaa vilivyotandazwa kuuzwa, akakisukuma kile kisiwa cha mfano kando kwa ncha ya kiatu. Uzi ukakatika. Mama hakusema neno. Aliinama akaokota vijiti, kimoja kimoja, akaviweka katika kiganja chake.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Mtu yuko nyumbani kwake, juu ya ardhi aliyoitengeneza kwa mikono yake, na anayelipwa kwa jina lake anampiga teke kazi yake mbele ya wageni!

Taquile, ambako watu huzungumza Kikechua na wanaume ndio wafumaji wa kofia, palikuwa pazuri mno, na ufumaji wao ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 kwa haki kabisa. Mzee mmoja alitupita kwenye ngazi za mawe akifuma huku akipanda, bila kuangalia sindano. Hata hivyo sikuweza kufurahia, kwa maana kila mwongozaji alipofungua kinywa nilijiuliza ni nini alichokimeza safari hii.

Niliiandikia kampuni. Wakajibu kwamba muda wa kukaa Uros umeandikwa kwenye ratiba. Habari ya kiatu hawakuigusa.

Nilikusudia kuwaambia msiende kabisa, kwamba ziara hizi zimewageuza wenyeji kuwa maonyesho. Sasa naona kwamba nikisema hivyo nitakuwa nimemwadhibu mama yule kwa kosa alilotendewa. Nendeni, ila msiende na boti ya kuzungushwa visiwa viwili kwa siku moja. Zipo familia za Uros zinazopokea wageni wa kulala. Zungumzeni nazo wenyewe, muwalipe wenyewe mkononi.

Wengine walipokuwa wakipanda boti nilirudi nyuma nikamwomba radhi kwa Kihispania changu, nikamuuliza mambo ya mjomba yaliishia wapi. Alinishika mkono akasema, "Rudi ulale hapa, mwanangu. Usiku ndipo tunapozungumza." Honi ya boti ikalia mara mbili. Nimeanza kuweka akiba ya nauli, na nitakaa pale hadi habari ya mjomba wake iishe.