Waliifuta Kilwa yangu wakapakia mpira

Naanza na hukumu ili asiyetaka maneno mengi aende zake: usiende. Ni ule ukumbi wa gemu ulio jirani na chuo, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya simu. Jina silitaji maana bado nawadai, na sitaki wapate kisingizio kwamba nimewachafulia. Wanafunzi wa pande hizi mnaujua. Usiende.

Mwenye nafasi sasa avute kiti.

Mimi nasoma historia, mwaka wa pili, na mpira wa kwenye skrini haujawahi kunikaa. Pale mbele wana televisheni za PlayStation, vijana wamebanana kwenye mabenchi kama wanangoja zamu ya kinyozi, pedi zinanata jasho, na kila goli likiingia feni inazidiwa kelele. Hiyo ndiyo biashara yao, sina ugomvi nayo. Nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, kuna kompyuta nne. Namba nne ndiyo ilikuwa yangu, kwa sababu siku moja nilikwenda kuchapa kazi ya semina nikakuta ndani yake Europa Universalis IV. Nani aliliweka, hata wao hawajui.

Kwa asiyelijua: unapewa ramani ya dunia, tarehe 11 Novemba 1444, na unaambiwa chagua nchi utakayoitawala hadi mwanzoni mwa 1821. Nchi yoyote. Wenzangu wangechagua Ufaransa au Waosmani. Mimi nikateremsha ramani hadi pwani yetu, kwa mzaha tu, nikitegemea kukuta vumbi. Nikaikuta Kilwa. Haikuwa kitone cha mji, ilikuwa dola kamili, ina hazina, ina jeshi, ina merikebu, ina sultani mwenye jina. Mimi ni mtoto wa Kilwa Masoko. Tangu nifike Dar nimeshaulizwa mara sijui ngapi kama Kilwa iko Lindi au Mtwara, na kuna mmoja aliniuliza kama tuna lami. Nikakaa pale namba nne nikiitazama rangi ya nchi yangu kwenye ramani ya dunia, saa yangu inahesabiwa, shilingi elfu moja na mia tano zinateketea, na sijabonyeza chochote.

Hapo ndipo bumu la muhula, ile pesa ya mkopo ya kujikimu chuoni, lilipoanza kuisha.

Niseme ukweli kuhusu utawala wangu. Pale kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya chuo, mimi ni bingwa wa kuwalaumu wakubwa. Kodi hivi, haki vile, viongozi wanaahirisha mambo ya wananchi, basi chai inapoa mimi naongea. Nikasema sasa nimepewa nchi, nitawaonyesha. Haikupita miaka kumi ya gemu nimeivamia Mombasa. Malindi nayo nikaichukua, kwa kinyongo tu, kwa kuwa ndiyo iliyompokea baharia Mreno Vasco da Gama mwaka 1498 na kumpa rubani wa kumfikisha India, kosa ambalo kwenye gemu langu Wamalindi wa watu walikuwa hawajalifanya hata kidogo. Kila nilipotaka kuendeleza miji nilijiambia baada ya vita hii. Baada ya vita ile kulikuwa na vita nyingine. Na Mombasa ilipozusha waasi, nikajisikia nasema kwa sauti, peke yangu mbele ya skrini: "Hawa wametumwa."

Halafu kuna suala la mrithi. Kila mtawala ana uwezo wake katika utawala, diplomasia na jeshi, na anakupa pointi kulingana na uwezo huo. Sultani wangu wa tatu alizaliwa zuzu, utawala sifuri. Humng'oi, hupigi kura. Nilichofanya, na wacheza gemu hili wataniunga mkono, ni kumpa cheo cha jemadari na kumpeleka vitani mstari wa mbele, nikiomba Mungu. Alirudi salama kila mara. Alitawala miaka thelathini na kitu. Tangu hapo nikisoma habari za fitina za mawaziri na maamiri wa Kilwa ile ya kweli, waliokuwa wanaweka na kuondoa masultani, siwacheki tena. Amir Ibrahim, aliyekuwa amekalia kiti wakati Mreno Francisco de Almeida anatia nanga mwaka 1505, hakuwa hata wa ukoo wa kifalme. Wareno walikuta nyumba ina ugomvi tayari. Walichofanya ni kumpa kiti mtu wao, Muhammad Ankoni, na kuanza kujenga ngome.

Nina malalamiko mawili kuhusu gemu lenyewe, niyaseme haraka kabla hasira hazijarudi kwenye ukumbi. La kwanza, maendeleo yanazaliwa mbali. Renaisansi, ule mwamko wa elimu na sanaa wa Ulaya, inatokea Italia halafu inasambaa pole pole kama homa, na mpaka ikufikie, au uizalishe kwako kwa kumwaga pointi nyingi, elimu yako inakuwa ghali kuliko ya wenzako. Kilwa iliyokuwa inafua sarafu zake za shaba, yenye msikiti wa makuba ambao Ulaya nzima ingeujivunia, inaambiwa isubiri Italia iamke. La pili, biashara. Mali inatiririka kwenye mishale ya ramani, na mishale haigeuki. Utapigana, utashinda, utajenga, mwisho wa yote vituo vikuu ni Venice, Genoa na Mlango wa Uingereza. Kuna usiku nilikaa nikitafuta mshale mmoja tu unaotoka Ulaya kurudi kwetu. Jirani yangu wa namba tatu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Lakini nililipenda. Nililipenda kwa sababu nilikuwa na neno la kumalizia, na neno lenyewe lilikuwa Lisbon.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi Kilwa na mizinga akamlazimisha mtawala atoe kodi ya dhahabu. Ile dhahabu ilipelekwa Ureno, ikayeyushwa, ikatengenezwa chombo cha ibada cha kanisani, kazi ya mikono ya kupendeza kweli, kilichokamilika 1506. Wanakiita Custódia de Belém. Mpaka leo kipo Lisbon kwenye jumba la makumbusho na watu wanakata tiketi kukitazama. Sisi tulibakiwa na maneno yao ya Kireno: meza, leso na gereza. Basi nikaweka nia: nitaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini mwa Afrika, na merikebu za Kilwa, nitatia nanga Lisbon, na sultani wangu atawaambia wale mabwana kwamba tumekuja kuchukua kitu chetu. Chombo hicho kwenye gemu hakimo, najua. Hilo halinihusu.

Ilinichukua kama wiki tatu, labda nne. Wareno wangu walichelewa. Mwaka 1498 ulipita kimya, 1505 ukapita kimya, nikacheka mwenyewe. Walipofika kule rasini nikawangoja wakae vizuri, kisha nikawatoa na kuichukua bandari yao. Mwaka 1571 nilikuwa na merikebu sitini, hazina imejaa, na sultani mpya mwenye akili timamu hatimaye. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutangaza vita. Saa yangu ikaisha. Ningeweza kuongeza, ila nilibaki na nauli tu. Nikasevu. Faili nikaliita KILWA_USIFUTE, kwa herufi kubwa. Nikamwendea kijana wa kaunta, nikamlipa elfu sita za kifurushi cha usiku wa kesho yake, nikamwambia, "Kaka, namba nne ina kazi yangu, tafadhali isiguswe." Akasema, hata hakuinua macho kwenye simu, "Haina neno, dogo. Nani aguse ramani?"

Kesho yake namba nne ilikuwa na gemu la mpira.

Nilidhani nimekaa kiti sicho. Nikahesabu tena kutoka ukutani: moja, mbili, tatu, nne. Nikarudi kaunta.

"Kaka, kuna kitu kilikuwa kwenye namba nne."

"Kitu gani?"

"Kilwa yangu."

"Nani?"

Nikamweleza. Akasonya kidogo, kama mtu aliyeombwa chenji ya elfu kumi asubuhi. "Aah, lile la rangi rangi. Diski ilijaa, msimu mpya wa mpira umetoka, wateja wanataka. Nikalitoa."

"Na faili langu? Limeandikwa kabisa USIFUTE!"

"Ndiyo maana nikaliogopa. Nikajua kirusi."

Ndugu zangu, nimewahi kudharauliwa. Nimewahi kushushwa kwenye daladala kwa kukosa shilingi mia. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Nikamwambia, sauti imeshapanda, kwamba amenifutia miaka mia moja na ishirini na saba. Akanitazama mara ya kwanza tangu nimjue, akageukia wale vijana wa mabenchini, akasema, "Huyu ana miaka ishirini, eti kafutiwa mia na ishirini na saba." Ukumbi mzima ulicheka. Mmoja alisimamisha mechi ili acheke vizuri. Kisha akaongeza, na hili ndilo lililoniuma, si kicheko: "Dogo, wiki zote hizi ulizokaa pale ulikuwa unafanya nini cha maana? Ulikuwa unasogeza rangi."

Nikamuomba pesa yangu, elfu sita za usiku ule. Akanioneshea karatasi ukutani: pesa ikilipwa hairudi. Karatasi yenyewe ilikuwa mpya, gundi bado mbichi. Siwezi kuapa kwamba iliwekwa kwa ajili yangu, lakini sijawahi kuiona kabla, na nimekaa pale kuliko feni.

Mwenye ukumbi ni mama mmoja anayekaanga chipsi pale chini mlangoni. Nikashuka. Nikamwamkia shikamoo, maana hasira ni yangu na adabu ni ya mama aliyenizaa. Nikamwaga kesi yote: Wareno, dhahabu, merikebu sitini, kirusi. Alinisikiliza kwa utulivu hadi mwisho, anageuza chipsi, hakunikatisha hata mara moja. Mwisho akasema, "Pole sana mwanangu. Lakini hiyo Kilwa si ipo? Pale Mbagala Rangi Tatu mabasi ya kusini yanapita kila siku."

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile na bado sina. Mama yule hakunikejeli, alikuwa ananihurumia kwa dhati, na akanipa chipsi za bure, ambazo nilizila, naomba mnisamehe. Kilwa ipo, ndiyo. Nimevuka kwa mashua kutoka Masoko kwenda Kisiwani tangu nabebwa mgongoni, nimecheza kivulini mwa lile gereza, ile ngome ya zamani, na bibi yangu huwa anaanika dagaa bila kujali Almeida alishukia upande gani. Lakini Kilwa iliyopo ndiyo ile iliyoporwa. Yangu ilikuwa ile ambayo haikuporwa, na ilikuwepo mahali pamoja tu duniani, kwenye diski ya namba nne, karibu na choo.

Kwa hiyo huduma: mbaya. Kauli: mbaya kupita huduma. Kijana wa kaunta ana tabia ya serikali, anakufutia halafu anakuuliza kwa nini hukuja mapema kulalamika. Ingawa, kusema haki, alikuwa ananiachia dakika tano tano za ziada nilipokuwa katikati ya vita, na umeme ulipokatika usiku mmoja aliiunganisha namba nne kwenye jenereta pamoja na televisheni za mbele, jambo ambalo hakulazimika kulifanya kwa mteja mmoja wa rangi. Hilo nilikuwa nimelisahau mpaka nilipoandika hapa. Na kweli diski ilikuwa imejaa, nilikuwa naona tangazo lake mwenyewe kila nikisevu. Ningeweza kwenda na flashi. Flashi ni elfu nane, na elfu nane ilikuwa saa tano za Kilwa.

Sijui niwape nyota ngapi. Nilianza na moja. Chipsi zile zilikuwa nzuri, tuseme mbili. Hapana, moja. Kompyuta zao ndizo pekee ninazozijua hapa jirani zinazolifungua gemu lile bila kukwama, laptopu yangu ikijaribu inapiga kelele kama mashine ya kukoboa, na nimesikia kuna mtu amelirudisha kwenye namba mbili. Nilipita pale chini juzi, kwa bahati tu, nikamwamkia mama, nikatazama juu dirishani.

Wanirudishie elfu sita zangu. Au basi, wanipe namba mbili Ijumaa usiku na wasiniambie neno. Naanza upya 1444, na safari hii faili nitaliita MPIRA.