Tahadhari: seti za bandia za kidhibiti joto zinazouzwa Kampala kwa wapikaji bia wa nyumbani

Ndugu zangu mnaopika bia nyumbani kwa umeme, hapa Kampala na kwingineko Uganda, nawaomba msitume pesa kwa muuzaji yeyote wa "seti kamili" ya kidhibiti joto kabla ya kusoma maelezo haya. Seti hiyo hutangazwa kwa picha za kuvutia: kidhibiti kilichoandikwa REX-C100, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya aina ya SSR, yaani isiyo na sehemu zinazosogea, ya ampea 40, bamba la alumini la kupoozea, na sensa ya kupimia joto yenye waya mrefu. Muuzaji hutaka alipwe fedha zote kwa simu, mzigo huletwa na boda boda ukiwa umefungwa kwa gundi, na mteja akilalamika huambiwa kwamba vifaa vya umeme vikishatoka dukani havirudishwi.

Seti niliyouziwa ilikuwa na kasoro isiyoonekana kwa macho. REX-C100 asili yake ni bidhaa ya kampuni ya RKC ya Japani, nayo ina aina zaidi ya moja. Ipo inayotoa takribani volti 12 za DC ili kuiamsha SSR, na ipo yenye rilei ndogo ndani yake, ambayo haitoi volti yoyote bali hufunga na kufungua njia ya umeme tu. Katika kibandiko cha ubavuni, modeli inayoishia na V*AN ni ya SSR, na inayoishia na M*AN ni ya rilei. Waigaji hubandika V*AN juu ya kifaa chenye rilei. Ukikiwasha na kukipangia joto la juu, taa ya OUT inawaka na unasikia "tik" ndani ya kisanduku, lakini taa ndogo iliyo juu ya SSR haiwaki na hita inabaki baridi. Nilipomweleza muuzaji hali hiyo, alijibu kwamba SSR imeungua na kwamba anayo nyingine ya kuniuzia. SSR haikuwa imeungua. Haikuwa ikipata volti za kuiamsha, na hata ukinunua kumi zaidi hakuna itakayowaka.

Kinachonitia hofu zaidi ni yale mafundi wanayofanya baadaye ili "kuokoa" seti hiyo, yaani kupitisha umeme wa hita moja kwa moja katika rilei ya ndani. Rilei ya REX-C100 halisi imekadiriwa ampea 3. Hita ya wati 3,000 kwenye umeme wetu wa volti 240 huvuta ampea 12.5, kwa hiyo vidole vya rilei, yaani vipande vinavyogusana kupitisha umeme, huungua au hugandana, na hita haizimiki tena.

SSR yenyewe nayo si ya kuaminiwa kwa sababu tu imeandikwa 40. Mwaka 2014 UL, shirika la Marekani linalopima usalama wa vifaa, lilitoa tahadhari kuhusu rilei zenye jina la Fotek zilizobeba alama ya UL ya kughushi, na waliozifungua rilei za namna hiyo wamekuta ndani kipande kidogo kisichoweza kubeba ampea zilizoandikwa nje. SSR ikiharibika, mara nyingi hubaki imefunga, maana yake hita inaendelea kuchemsha hata kidhibiti kinapoonyesha kwamba kimezima. Kwa hiyo hata ukipata iliyo halali, weka kabla yake swichi inayokata nyaya zote mbili, unganisha sufuria na waya wa ardhi, na usiiache SSR bila bamba la kupoozea, kwani kwenye ampea 12 hutoa joto la wati kumi na zaidi.

Kuhusu sensa, muuzaji huyu hutuma video ya maji yanayochemka huku kioo kikisoma nyuzi 100 kamili, akidai kuwa huo ni uthibitisho. Kampala iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka karibu na nyuzi 96. Kabale, mji ulio juu zaidi, huchemka kwa nyuzi za chini zaidi ya hapo. Kifaa kinachosoma 100 katika maji yanayochemka Kampala kinakosea, au kimesogezwa kwa makusudi ili kumpendeza mteja. Kwa mpikaji hilo si dogo, kwa sababu kimea hulowekwa kati ya nyuzi 65 na 68, na tofauti ya nyuzi nne hubadilisha kabisa utamu na uzito wa bia.

Dai kupima kabla ya kulipa. Nenda na multimita (kipimo cha umeme), omba kidhibiti kiwashwe kikiwa kimepangiwa joto lililo juu ya la chumba, kisha pima volti za DC kwenye skrubu za kutolea: usipopata kitu, hicho si cha SSR. Tumbukiza sensa katika maji yenye barafu nyingi iliyopondwa, nayo isome karibu na sifuri. Muuzaji akikataa, ondoka. Dai pia risiti iliyoandikwa modeli kamili, kwa sababu Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa kwayo, na malalamiko kuhusu bidhaa duni hupokelewa na Shirika la Viwango la Uganda, UNBS.

Aliyekwisha nunua chenye rilei asikitupe. Fundi umeme anayejua kazi yake anaweza kukitumia kuamsha koili ya kontakta (swichi kubwa inayofungwa kwa sumaku ya umeme) ya volti 240 iliyokadiriwa kubeba ampea za hita yako, na muda wa mzunguko wa kuwasha na kuzima upangwe sekunde 20 au zaidi ili rilei isichakae mapema.