Laptopu kuukuu imekuwa bubu: kadi ya ndani au ya USB?

Umeweka Linux, mfumo endeshi wa bure, kila kitu kinakwenda, ila spika ziko kimya. Utahangaika na kadi ya sauti iliyomo ndani, au utachomeka kijikadi cha USB?

Ya ndani haidai hela, na mara nyingi haijafa. Imezibwa mdomo tu. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika alsamixer, kisha bonyeza F6 uchague kadi yenyewe, maana huenda sauti inapelekwa HDMI, tundu la skrini ya nje, ambako hakuna kitu. Ukiona MM chini ya Master au Speaker, bonyeza M igeuke OO. Auto-Mute nayo izime: tundu la hedifoni lililochakaa huidanganya mashine kwamba kuna kitu kimechomekwa, nayo ikazikata spika. Bado kimya? Draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya ndani, snd-hda-intel, wakati mwingine hukosea kutambua jinsi mtengenezaji alivyounganisha matundu na spika. Hapo unaongeza mstari wa options snd-hda-intel model= pamoja na jina la modeli, kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d, unawasha upya, unajaribu jina jingine, unawasha tena. Jioni nzima inaweza kuishia hapo.

Ya USB haina hadithi ndefu. Nyingi hutambuliwa na kerneli, kiini cha Linux, kupitia draiva ya snd-usb-audio. Unachomeka, unaichagua kwenye mipangilio, basi. Ila inakula tundu moja la USB, na spika za laptopu zitabaki kimya vilevile, kwa hiyo andaa hedifoni.

Mimi huipa ya ndani nusu saa. Kama kadi yenyewe imeungua, hakuna draiva itakayoifufua.