Kamba za shibari: ununue ipi ukishapita hatua ya mwanzo

Shibari ni sanaa ya Kijapani ya kufungana kwa kamba. Ukishaweza kumfunga mwenzako viganja na kumfungua bila kuhangaika, kamba ya pamba uliyoanzia nayo itaanza kukuudhi. Haijaharibika. Ni kwamba mitindo inayofuata, kama takate-kote ya Wajapani, ambayo huweka mikono nyuma ya mgongo kisha ikazungushwa kamba kifuani, haitegemei mafundo makubwa. Inategemea msuguano, kamba ikiing'ang'ania kamba nyingine. Kwa hiyo dukani usiulize ipi laini. Uliza ipi inashika.

Ya kwanza kwangu ni juti, nyuzi za mmea zinazofumiwa magunia, na iliyo ya pili iko mbali. Wajapani huiita asanawa, na wengi hutumia unene wa milimita 6 na urefu wa mita 7 hadi 8 kwa kila kamba. Ni nyepesi, haivutiki, na ukiikaza hubaki ulipoiacha. Kabla hujalipa, ikunje kipande kidogo kati ya vidole. Ikiruka kama waya, ni ngumu mno. Nyuzi zake tatu zikiachana zenyewe, imesokotwa ovyo na haitamaliza miezi. Halafu inuse. Juti ya magunia husokotwa kwa mafuta ya petroli, na harufu hiyo haitoki kwa kuanikwa juani. Tafuta iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea. Ukifika nayo nyumbani, ipitishe haraka juu ya moto mdogo ili manyoya yaungue, ifute kwa kitambaa, kisha uipake mafuta ya jojoba, matone machache tu. Usiifue kama shati, maana maji huidhoofisha.

Nafasi ya pili naipa hempu, yaani nyuzi za mmea wa jamii ya bangi ila usiolevya. Ni nzito kuliko juti, na kadiri unavyoitumia ndivyo inavyolainika. Maji huyavumilia vizuri zaidi. Anayetoka jasho sana, au ambaye vumbi la juti humpigisha chafya, aanzie hapa bila kuona haya.

Pamba ni ya tatu. Iweke kwa mazoezi ya kujifunga paja lako mwenyewe. Huvutika, na fundo likishabanwa na uzito hugeuka jiwe.

Nailoni inapendeza kwa rangi na huoshwa kirahisi, lakini huteleza. Unaongeza fundo juu ya fundo, na ukiivuta kwa kasi inaunguza ngozi. Nisingeinunua kwa hatua hii.

Wasomaji wa Tanga najua mtauliza: na katani yetu je? Richard Hindorf alileta mkonge huko mwaka 1893, na kamba zake zimefunga mizigo dunia nzima. Zibaki kwenye mizigo. Katani hukwaruza na kuacha vijiti kwenye ngozi, na kamba ya usumba ni hivyo hivyo.

Idadi? Kamba nne za urefu mmoja zinatosha kujifunza kifua na miguu. Ukizoea, fikisha sita au saba. Nunua zote siku moja kwa muuzaji mmoja, kwa sababu juti mbili za mashine tofauti hazikai pamoja vizuri, moja inalegea nyingine ikikaza.

Bakisha fedha za mkasi wa huduma ya kwanza, ule wenye ncha butu, na uuweke pale mkono unapofika bila kuinuka. Ukikata kamba ya bei ghali, umekata kamba tu. Kwenye mkono wa juu, upande wa nje, kuna neva iitwayo radiali, na kamba ikiikandamiza vibaya kiganja hulegea na kushindwa kuinuka, pengine kwa wiki kadhaa. Kila baada ya muda mwambie mwenzako anyanyue kiganja na avikunjue vidole. Akisema ganzi, fungua hapo hapo, hata kama umbo lilikuwa linakaribia kupendeza.

Na kumning'iniza mtu hewani hakumo katika mwongozo huu. Hakuna kamba ya kununua itakayoziba pengo la mwalimu aliyesimama kando yako.