Telegram kwa mpenzi wa ngoma za Kisukuma: uzoefu wangu

Nianze kwa kusema mimi ni nani, maana mtandao unaomfaa shabiki wa Simba au Yanga si lazima unifae mimi. Mimi ni mpenzi wa ngoma za Kisukuma. Siongelei ile ngoma ya dakika tatu ya kumpokea kiongozi uwanja wa ndege. Naongelea mbina yenyewe, mashindano ya ngoma ya baada ya mavuno, kundi la Bagika upande huu na mahasimu wao Bagalu upande ule, vumbi hadi kwenye kope, na watu hawabanduki mpaka giza liingie. Nakaa Nyakato, Mwanza, nina kasteshenari kangu, na msimu ukifika Jumapili zangu hazina mjadala.

Matumizi yangu ni haya: narekodi video ndefu, nawapa watu wachache wanaoelewa, na mwakani nataka niipate tena bila kuhangaika. Mitandao mingi inashindwa hapo hapo.

WhatsApp ndiko tuliko wote. Mama mdogo wa Magu yupo, wajomba wa Misungwi wapo, hata mzee wetu mmoja ambaye simu yake anashikiwa na mjukuu yupo. Lakini jaribu kuweka pale video ya bugobogobo, ngoma ya majembe, ya dakika ishirini, wachezaji na majembe yao hewani. Asubuhi zinashuka salamu za "mwangaluka" mfululizo, mchana michango ya harusi, jioni tangazo la msiba, na video yako imezama. Stetasi nayo inafutika baada ya saa 24. Ukitaka picha isififie unaweza kuituma kama dokumenti, hadi giga 2, ila niambie ni mjomba gani atafungua dokumenti.

Nikajaribu pia mtandao mmoja wa video fupi, sitautaja. Mwanzoni niliupenda, kwa sababu unafanya kazi kama mbina. Wasiojua niwaeleze: kwenye mashindano yetu makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, yakipishana hatua chache tu, na hakuna jaji mwenye karatasi. Anayeamua ni umati. Watu wakikimbilia huku, kule kumeshapigwa bao. Ndiyo maana kila kundi lina vituko vyake: huyu anatoa chatu, yule anapanda juu ya wenzake, mwingine analala chini kama amekufa kisha anainuka na wimbo. Na hapo bado hujataja dawa ya kuvuta watu, ambayo tangu enzi za Ngika na Gumha, wale waganga wawili ambao makundi yanabeba majina yao, haijawahi kukosekana kwenye mazungumzo.

Kumbe kwenye simu umati unakuja kumwona chatu tu. Video ya nyoka ilipata watazamaji wengi kuliko kitu chochote nilichowahi kurusha, na maoni yote yanauliza kama ana meno. Hakuna aliyeuliza manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, ni nani wala wimbo ulikuwa unamsema nani. Uwanjani yule aliyekimbilia chatu atarudi kusikiliza wimbo ukikolea. Kwenye simu ameshateleza kidole yuko kwenye mapishi. Halafu kipande kingine kikazimwa sauti, eti ngoma zile ni muziki wenye haki za mtu mwingine. Ngoma iliyopigwa mbele yangu, na mpigaji namfahamu! Nikaandika malalamiko, kimya mpaka leo.

Telegram niliingia kwa kuelekezwa na kijana mmoja anayekuja kuprinti dukani, na nikabaki. Faili moja linaweza kufika giga 2, kwa hiyo siikati mbina vipande. Grupu unaweza kuligawa kwa mada, na sisi tumeweka Bagika, Bagalu, bugobogobo, wigashe (ngoma ya kukaa), na moja ya "za zamani" kwa ajili ya kanda za kaseti ambazo watu wanazihamishia kwenye simu. Anayejiunga leo, admini akiruhusu, anakuta kila kitu kilichotangulia. Namba ya simu unaweza kuificha, na dada zetu kwenye grupu wanaijua zaidi kuliko mimi thamani ya hilo.

Lakini kilichonishika hasa ni kitu kidogo ambacho wengi hawakigusi. Kuna manju ninayemfuata tangu mazoezi. Nyimbo zake za msimu huzitunga kimyakimya, na ndani yake mna vijembe kwa manju wa upande wa pili: jinsi alivyoshindwa mwaka jana, ng'ombe aliyeahidi asilete, mambo hayo. Siku moja kanikuta nimeelekeza simu, akasimamisha wapiga ngoma.

"Mdogo wangu, hiyo ukiirusha leo, kesho wenzetu wana jibu."

Yuko sahihi. Wimbo wa kijembe ukitangulia uwanjani umeshakufa, maana mwenzako atakuja na wa kukujibu kabla hujafungua mdomo. Nikamwonyesha kwamba kwenye Telegram naweza kupanga ujumbe utoke siku na saa ninayotaka, nao ukakaa hapo ukisubiri. Tukapanga utoke Jumatatu, baada ya mashindano. Nikamwonyesha pia kwamba grupu linaweza kufungwa watu wasifowadi wala kuhifadhi kilichomo. Akacheka, akauliza, "Na akipiga picha hiyo simu kwa simu nyingine?" Hilo halina dawa, si kwa Telegram wala kwa Gumha. Hata hivyo aliniachia nirekodi, na kwangu hiyo inatosha kuupima mtandao.

Upungufu upo. Mkubwa ni kwamba watu wangu hawapo huko. Ukimwambia mtu mzima wa Kisesa apakue programu nyingine, asubiri namba ya kuthibitisha, ajiwekee jina, anakuangalia tu. Mazungumzo ya grupu pia hayafungwi kwa usiri wa mwisho hadi mwisho. Ule usiri Telegram inautoa kwenye mazungumzo ya siri ya watu wawili tu. Kwa ngoma sijali. Mambo ya shamba la ukoo nisingeyaweka pale. Na kabla ya chochote, ingia kwenye mipangilio uzime upakuaji wa kujiendesha, la sivyo video za giga zitamaliza bando na memori ukiwa umelala.

Za kuonyesha dunia, zile ambazo kundi lenyewe limekubali, naziweka YouTube. Za tamasha la ngoma la Bulabo pale Bujora, kwa mfano, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha padri Mkanada David Clement. Ile ni sherehe ya wazi, inakuja Juni na sikukuu ya Ekaristi, wageni wamejaa na makamera yao, hakuna siri ya kulinda. Manju wanaipenda YouTube kwa sababu mtu wa Shinyanga akitafuta kundi la kualika anawakuta.

Wewe ambaye ushabiki wako ni Pamba Jiji, timu yetu ya mpira ya Mwanza, sikushauri unifuate. Tangu timu irudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25, raha yake ni kelele: bao limeingia uwanja wa Kirumba, na kabla mpira haujarudi kati umeshamtania shemeji yako. Kwa hiyo unahitaji mahali penye watu wote, na hapo WhatsApp na Facebook zinatosha kabisa. Utani wa jana hauna haja ya kabati. Wa tamthilia za Kikorea nimeambiwa wana chaneli zao Telegram, wenyewe watasema.

Mimi nimeshatulia na mpango wangu. Video nzima inakaa Telegram, na kule kwenye grupu la familia natupa kipande cha dakika moja na maelezo iliko video nzima. Mjomba wa Misungwi kila mara anajibu vilevile: "Tuma huku huku." Namtumia kama dokumenti, na baadaye ananipigia kuuliza inafunguliwaje.