Waya wa eksileta: kuulainisha au kuubadilisha?

Eksileta ya lori la zamani ikiwa nzito, zima injini, chomoa waya kwenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), kisha kanyaga. Ikiwa laini, waya hauna kosa, safisha kabureta. Ikibaki ngumu, kagua egemeo la pedali na waya wenyewe.

Waya mkavu au wenye vumbi hutosheka na mafuta mepesi: yadondoshe juu mpaka yachuruzike chini. Grisi nzito hunasa uchafu.

Lakini nyuzi zikishakatika na kuchomoza kama miiba, mimi sibahatishi, nabadilisha waya mzima. Uzi mmoja ukikwama ndani ya ala, yaani mfuniko unaouzunguka waya, injini huendelea kunguruma hata ukiinua mguu. Waya mpya uwe na urefu uleule, usipinde kwa kona kali, wala usiguse ekzosi.